Khanga ilijibizana kabla ya Facebook

Chumba chetu cha hosteli kina wakazi rasmi wawili na "wageni" watatu tangu muhula uanze. Bumu bado, lakini tunasonga.

Leo nina hoja ya historia. Kwenye semina jamaa mmoja, somo lake la pili ni biashara, alisema kwa kujiamini kabisa kwamba kabla ya mitandao ya kijamii wafanyabiashara walikuwa wanaongea peke yao. Redio inatangaza, bango limesimama barabarani, mteja kimya. Kwamba mteja kujibu, kupendekeza na kusambaza tangazo kwa wenzake ni mambo yaliyokuja na Facebook. Watu wakatikisa vichwa. Mimi, mtoto wa mama muuza khanga, nikashindwa kutikisa.

Hebu twende Zanzibar karne ya 19. Kitambaa kilichokuwa kinatamba ni pamba isiyotiwa rangi kutoka Massachusetts, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem. Marekani na Seyyid Said walisaini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa kikasambaa na misafara hadi bara kwa jina la merikani. Hakuna kampuni iliyolipia jina hilo. Watu walikishika, wakakiona kigumu, wakaambiana. Jina la nchi nzima likageuka jina la bidhaa! Mzigo ulikatika tu Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba ya Uingereza na Bombay ikapata upenyo.

Ila merikani ni utangulizi tu. Mambo yako kwenye khanga.

Simulizi ya pwani inasema hivi: kwenye miaka ya mwisho ya karne hiyo akina mama walinunua vitambaa vya mkononi vyenye nakshi, vile vilivyoitwa leso (neno la Kireno hilo), wakavishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Wenye maduka walipoona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa mtindo huo. Sasa niambieni, hapo aliyebuni bidhaa ni nani? Mteja kabuni, muuzaji kaiga, na kiwanda kule Helmond, Uholanzi, kikachapa kitu ambacho kwao hakuna mtu anakivaa. Na wateja hao hawakuwa wapole. Mtindo ulibadilika haraka, na mzigo ulikuja kwa meli kutoka Ulaya. Khanga ikifika fasheni imeshapita, hata ukishusha bei inabaki dukani. Mfanyabiashara ilibidi awe na masikio mitaani, ajue wanawake wanasema nini, ndipo aandike barua ya oda. Hiyo leo watu wanalipia kozi kuisomea.

Mwaka 1887 huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, alianza biashara ambayo khanga zake mnazijua hata kama hamjui kwamba mnazijua. Kafungueni sanduku la mama msome chini ya kitambaa: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Yeye ndiye hutajwa mara nyingi kuwa alianzisha kuandika maneno kwenye khanga mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini.

Kwa wasiojua, khanga ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani yale maneno. Mteja wa mama yangu haanzi na rangi. Anauliza, "Hii inasemaje?" Akisomewa anacheka, au anaguna, au anasema "nifungie hiyo hiyo, kuna mtu nataka aisome." Jioni anapita nayo mbele ya kibaraza cha mbaya wake. Mbaya wake anasoma. Kesho yake naye yuko dukani anatafuta jibu! Ukimuuliza yule wa kwanza kama alimkusudia jirani atakwambia yeye kanunua khanga tu, jina halimhusu. Wale wa kuweka maneno kwenye status halafu "jamani sijamlenga mtu", mmeona asili yenu ilipo?

Angalieni sasa ujanja wa biashara uliomo humo. Alama ya muuzaji iko kwenye kitambaa kile kile chenye ujumbe. Kila ugomvi wa uani, kila harusi ya sare, kila mtoto aliyebebwa mgongoni, Abdulla anatangazwa bure, na anayemtangaza ndiye aliyelipa. Ndiyo maana vyama, makampuni na wagombea waliidandia baadaye. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 tukawa tunachapa zetu wenyewe, na Barack Obama aliposhinda urais mwaka 2008 naye akapata khanga yake. Hakuomba.

Redio nampa jamaa nusu maksi. Tangazo la sabuni haliulizi unaonaje. Lakini hata huko watu walinunua kadi za salamu wakajaza majina ya ndugu na marafiki mpaka nafasi ikaisha, kwa hiyo kusema wasikilizaji walikaa kimya ni kuwaonea.

Facebook ilizindua kurasa za biashara na mfumo wake wa matangazo Novemba 2007. Kwetu wakati huo intaneti ilikuwa ya kuhesabu dakika kafeni. Mkonga wa SEACOM ulifika Julai 2009, na mwaka huo huo Facebook ikaja kwa Kiswahili. Makampuni makubwa yaliingia kwa aibu aibu. Kwanza jina la ukurasa kwa herufi ndogo chini ya bango, halafu kwenye ubavu wa gari la matangazo, halafu mtangazaji wa redio akawa anasoma maoni ya mtandaoni hewani. Wauza nguo wa Kariakoo wao walihamia na kila kitu chao, hadi kupatana bei. Ile "bei njoo inbox" inayowakera wengi ni kichochoro kile kile ambako muuzaji anakunong'oneza bei yako ili wa nyuma asisikie.

Kwa hiyo kwangu mimi maongezi ya mteja si kitu kipya. Kipya ni kwamba maongezi yana mwenye nyumba. Abdulla akishauza khanga, hakuna wa kumdai hela ili jirani aione. Leo unakusanya wafuasi kwa jasho lako, halafu ukitaka posti yako iwafikie hao hao wengi wao, unalipia. Na mwenye nyumba akifunga mlango, mmefungiwa wote. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja karibu saa sita dunia nzima. Mama siku ile aliuza kama kawaida, wala hakujua kama kuna kitu kimezimika.

Mwenzangu wa chumbani anauza viatu mtandaoni, ndivyo anavyojilipia ada. Muhula uliopita akaunti yake yenye wafuasi zaidi ya elfu tatu ilidukuliwa. Akaandika kuomba msaada, akajibiwa na mashine. Wiki tatu hana duka, hana majina, hana namba za wateja, na tarehe ya usajili inakaribia. Mama yangu ana daftari la kurasa mia mbili lenye jina la kila mteja, mtaa wake, anadaiwa shilingi ngapi na anapenda khanga zinazosemaje. Nilimpigia simu nikamweleza yaliyomkuta mwenzangu. Akauliza, "Sasa hao watu elfu tatu, yeye anakaa nao wapi?"

Mwenzangu kanunua kauntabuku. Kila anayepelekewa viatu anaombwa jina, namba na hosteli anayokaa. Juzi nimechungulia, kafika mteja wa arobaini na moja. Wanne wana madeni, na mmoja wao ni mimi.