Mgongo wa spika

Leo naweka programu kando kidogo. Jirani wa juu ana mtoto mchanga, jengo letu ni la sakafu za mbao, na spika zangu ziko darini. Kwa hivyo nimekuwa nikichimba historia.

Mwaka wa 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walieleza spika ya koili na koni ya karatasi. Spika nyingi za leo ni wajukuu wake. Tatizo ni kwamba koni ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Sauti hizo mbili zikikutana, besi hufa. Dawa ilikuwa kuitia spika kwenye shimo la ubao mpana.

Sasa tazama dari yako. Si ubao uleule? Wewe wa chini unapata besi tamu, wa juu anapata mgongo wa koni, karibu kwa nguvu ileile!

Mwaka wa 1954 Edgar Villchur aliufungia mgongo huo ndani ya kisanduku kisichovuja hewa. Alitafuta besi, si amani ya majirani, lakini dawa ni hiyo hiyo.

Fundi wangu alitaka kujaza sponji tu. Hapana. Wallace Sabine wa Harvard alianza mwaka wa 1895 kupima jinsi mito ya viti inavyomeza mwangwi chumbani. Kuzuia sauti isipenye ni kazi ya uzito. Uzito ukiwa maradufu, unapunguza takriban desibeli 6. Basi najenga visanduku vya jipsamu tabaka mbili, na silikoni kwenye matundu ya nyaya. Besi itakayobaki, saa tatu usiku naishusha.