Shemasi ni nani?

Katika makanisa ya Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Kangemi, mjadala wa mwanamke na uongozi wa kanisa hauishi. Mmoja akitaja 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha, mwenzake humjibu kwa Warumi 16:1. Tufungue hapo pa pili. Kwa Kigiriki, Paulo anamwita mwanamke mmoja, Fibi, diakonos. Biblia ya Union Version inamwita "mhudumu", ilhali neno lilo hilo katika 1 Timotheo 3:8 limekuwa "mashemasi".

Shemasi limetujia kutoka Kiarabu, shammas, lenye asili ya Kisiria, na maana yake ni mtumishi. Basi "mhudumu" si kosa. Ila msomaji wa Kiswahili hajui kwamba Fibi ameitwa sawa na mashemasi wa 1 Timotheo 3:8. Sarufi yetu yenyewe haibagui: shemasi, kasisi na askofu ni ngeli ya A-WA, awe mume au mke. Na wanawake wamekwisha kushika vyeo hivyo: Kanisa la Kipresbiteri, PCEA, lilimweka wakfu Nyambura Njoroge kuwa mchungaji mwaka 1982. Waanglikana wa Kenya wakampata Askofu Emily Onyango mwaka 2021.

Anayetaka kubishana na abishane, lakini kwanza asome aya hizo zote.