Hifadhidata ya maeneo ya visukuku

Hifadhidata ya maeneo ya visukuku ni mkusanyo wa kumbukumbu za kidijitali unaoonyesha mahali ambapo mabaki ya viumbe wa kale yamepatikana, umri wa miamba iliyoyahifadhi na majina ya viumbe waliotambuliwa humo. Siku hizi hifadhidata kubwa za aina hiyo hutumika kupitia intaneti. Kutafuta ndani yake kwa kawaida ni bure kwa kila mtu, lakini kuingiza taarifa huhitaji idhini.

Inayojulikana zaidi ni Paleobiology Database, iliyoanza nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo sasa ina kumbukumbu za maeneo zaidi ya 200,000 kutoka dunia nzima. Hifadhidata ya NOW, yenye makao yake Helsinki, Ufini, inahusu mamalia wa nchi kavu walioishi baada ya kutoweka kwa dinosauri. Visukuku vya bonde la Ziwa Turkana nchini Kenya vina hifadhidata yao ya pekee.

Umuhimu wa mahali

Kisukuku kisichojulikana kilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi. Jino la kiboko lisilo na kumbukumbu linathibitisha tu kwamba kiboko alikuwepo. Jino hilohilo likijulikana kuwa limetoka katika tabaka fulani la bonde la Manonga, kaskazini mwa uwanda wa kati wa Tanzania, linaeleza kwamba miaka takriban milioni 5 iliyopita palikuwa na maji ya kudumu mahali ambapo leo ni mbuga za udongo mzito zinazokauka kila kiangazi. Taarifa hiyo haiko ndani ya jino. Iko katika daftari la aliyeliokota, na daftari likipotea haiwezi kurudishwa kwa kipimo chochote cha maabara.

Muundo wa kumbukumbu

Katika Paleobiology Database kila kitu huanzia kwenye chapisho la kisayansi. Mwingizaji huandika kwanza kitabu au makala iliyotoa habari, kisha hufungua kumbukumbu ya eneo: nchi, mkoa, latitudo na longitudo, jina la tabaka, aina ya mwamba na kipindi cha jiolojia. Chini ya eneo hilo huorodheshwa viumbe waliopatikana. Maoni kuhusu majina huwekwa mahali pengine. Kwa hiyo mtaalamu mmoja akihamisha spishi kutoka jenasi moja kwenda nyingine, kumbukumbu za maeneo hazihitaji kuandikwa upya.

Hifadhidata za makumbusho hufuata njia tofauti. Hizo huhesabu kielelezo kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake. Fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 ni OH 5, na taya la Laetoli lililotumika kuieleza spishi Australopithecus afarensis ni LH 4. Msomaji anapaswa kutofautisha mahali kisukuku kilipopatikana na mahali kinapohifadhiwa. Mifupa ya dinosauri wa Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya wafanyakazi wenyeji, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao mkuu. Kwenye ramani ya hifadhidata alama iko Lindi. Mifupa yenyewe iko Berlin.

Mfano wa Mahenge

Mfano mzuri wa faida na hatari ya kumbukumbu hizi unapatikana katika mkoa wa Singida, jirani wa Dodoma. Mahali panapoitwa Mahenge palikuwa na ziwa dogo ndani ya kreta ya kimberliti, yaani mwamba wa jamii ileile inayobeba almasi huko Mwadui. Matope laini ya ziwa hilo yamehifadhi viumbe wa miaka takriban milioni 46 iliyopita. Humo wamepatikana samaki wa jenasi Mahengechromis, ambao ni kati ya wa kale zaidi wanaojulikana katika familia ya sato na perege, pamoja na samaki Singida jacksonoides, chura Singidella, popo Tanzanycteris mannardi na majani ya mimea ya jamii ya mikunde. Maeneo yenye visukuku vya nchi kavu vya wakati huo ni machache mno katika Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo alama hiyo moja kwenye ramani ina uzito mkubwa.

Lakini Watanzania wengi wakisikia Mahenge hufikiri mji wa wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, unaojulikana kwa vito vya spineli na kwa mapigano ya Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mahenge ya Singida iko karibu na digrii 4.8 kusini mwa ikweta. Ile ya Ulanga iko karibu na digrii 8.7, na kati yake kuna umbali wa kilomita 500 hivi. Anayeandika jina tu, bila mkoa wala majiranukta, anaweza kumpeleka samaki wa ziwa la kale kwenye milima ya vito, na programu inayochora ramani haitambui kosa hilo.

Majina na vipimo

Tatizo la majina ni kubwa zaidi kwa maeneo yaliyochunguzwa kwa muda mrefu. Laetoli iliandikwa zamani Laetolil, na baadhi ya vielelezo vya miaka ya 1930 vilichapishwa kwa jina la Garusi. Olduvai ni matamshi yaliyopotoshwa ya neno la Kimaasai oldupai, jina la mmea wa jamii ya mkonge, na machapisho ya karibuni hutumia majina yote mawili. Nchi nayo imeitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, halafu Tanganyika, halafu Tanzania. Mwanafunzi asiyepata kitu kwa jina moja inafaa ajaribu mengine, au atafute kwa kuchora mstatili juu ya ramani, maana mstatili haujali tahajia.

Majiranukta nayo yana mitego yake. Tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali huonyesha mahali kwa usahihi wa takriban kilomita moja, na tarakimu nne kwa usahihi wa takriban mita 11. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu na vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Namba zikinakiliwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kubadilishwa, alama husogea takriban mita 300. Katika korongo kama Olduvai, mita hizo zinatosha kumtoa mnyama katika tabaka moja na kumwingiza katika jingine lenye umri tofauti kabisa. Ndiyo maana kumbukumbu nzuri hueleza pia namna majiranukta yalivyopatikana: kama yalisomwa kwenye GPS, yalitajwa na mwandishi, au yalikisiwa kutokana na kijiji cha karibu.

Kutafuta

Mtumiaji anaweza kutafuta kwa jina la kiumbe, kipindi, nchi, tabaka au sehemu ya ramani, na matokeo huweza kupakuliwa kama jedwali. Kwa wanyama walioishi kabla mabara hayajafikia mahali yalipo sasa, Paleobiology Database hukadiria pia mahali eneo lilipokuwa wakati huo. Jambo hilo ni la lazima kwa mnyama kama Asilisaurus kongwe wa Trias kutoka bonde la Ruhuhu, ambaye wakati wake Afrika ilikuwa bado imeungana na Amerika ya Kusini na Antaktiki.

Maana ya sehemu tupu

Ramani ya hifadhidata huonyesha yaliyopatikana na kuandikwa, na wala si yote yaliyomo ardhini. Mwanafunzi wa Ipagala, kata ya jiji la Dodoma, akikosa alama yoyote mtaani kwake, sababu kuu ni jiolojia. Mwamba wa chini wa Dodoma ni graniti na gneisi zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni wa kale kuliko wanyama wote, tena umeundwa kwa joto kali lisiloacha mifupa. Mashapo machanga yaliyolala juu yake katika mabonde ni habari nyingine, na huwezi kuyahukumu kwa mwamba ulio chini. Ramani za jiolojia za nchi hutolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo makao yake yako Dodoma, na kuzilinganisha na hifadhidata ndiyo njia ya kujua kama sehemu tupu haina visukuku au haijachunguzwa tu.

Kuna pia upungufu unaotokana na watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ukitumia Paleobiology Database ulionyesha kwamba 97% ya taarifa za miaka 30 iliyotangulia zilitoka kwa waandishi walio katika nchi za kipato cha juu au cha kati cha juu. Palipo na fedha za safari na lugha ya majarida, alama ni nyingi.

Uwazi na ulinzi

Kuweka majiranukta kamili hadharani humsaidia mtafiti, na pia humwonyesha njia mwizi. Kwa sababu hiyo baadhi ya hifadhidata hupunguza usahihi wa maeneo ya mifupa, au huwapa majiranukta kamili wale tu walioomba. Nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa kuanzia mwaka 1978, zilifukiwa tena ili zisiharibiwe, ingawa mahali zilipo panajulikana duniani kote. Nchini Tanzania kuchimba vitu vya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Anayekutana na mfupa uliogeuka jiwe shambani au kwenye korongo huuacha ulipo, hupiga picha, huandika mahali na tarehe, kisha hutoa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Mfupa uliokwisha kung'olewa na kupelekwa ofisini ndani ya mfuko huwa umeshapoteza tabaka lake.