Goti Lilipochunguliwa Tokyo

Vijana ninaowahudumia pembeni mwa uwanja, mimi na mkoba wangu wa barafu na bandeji, huitaja ACL, kano ya ndani ya goti, kwa sauti ya chini kama wanavyotaja jini. Leo kano hiyo huungwa kupitia vitundu vidogo, na njia hiyo ilianzia kwa daktari wa Tokyo ambaye hakuwa akiwaza michezo.

Mwaka 1918 Kenji Takagi alichukua kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo, akakiingiza ndani ya goti la maiti. Kilichomsumbua ni kifua kikuu cha viungo. Ugonjwa huo ulikakamaza magoti, na Wajapani wa enzi hizo walikula na kupokea wageni wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Asiyeweza kukunja goti alikuwa mgeni nyumbani kwake. Sisi tuliokulia mkekani hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi. Kifaa chake namba 21 kilikuwa na balbu nchani, na iliwahi kupasukia ndani ya goti la mgonjwa. Fikiria kuokota vioo humo! Hata hivyo, tarehe 4 Mei 1962, alipitia tundu dogo akakata kipande tu cha gegedu lililochanika la kijana wa miaka 17, aliyeumia akicheza mpira wa kikapu.

Kipande tu. Kwingineko goti lilipasuliwa na gegedu likaondolewa lote, kama kitu kisicho na kazi, ingawa Mwingereza Fairbank alishaonyesha mwaka 1948, kwa picha za eksirei, jinsi magoti hayo yanavyobadilika baadaye. Klabu zilitaka mtu arudi uwanjani. Uzee wake ulikuwa shauri lake.

Tarehe 26 Desemba ya mwaka huohuo wa 1962, Brian Clough wa Sunderland aligongana na kipa wa Bury. Kano zikakatika. Alikuwa na miaka 27, na hadi anaacha mpira alikuwa na mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Sidanganyi: kifaa cha Watanabe kisingemwokoa. Kuiona kano si kuiunga.

Mwaka 1964 daktari Mkanada, Robert Jackson, alifika Tokyo. Akamfundisha Watanabe Kiingereza, naye akafundishwa kuchungulia goti, kisha akaupeleka ujuzi huo Toronto. Miaka 20 baadaye, tarehe 25 Aprili 1984, Mmarekani Joan Benoit alitibiwa goti kwa njia hiyo. Baada ya siku 17 alishinda mchujo wa marathoni wa nchi yake, na Agosti 5, Los Angeles, akatwaa dhahabu ya kwanza ya marathoni ya wanawake katika Olimpiki.

Kabla ya mchujo goti lilikuwa limetulia. Aliyeleta vurugu ni msuli wa nyuma ya paja la mguu wa pili, uliokuwa umebebeshwa mzigo wa mwenzake, na huyo hatafutwi kwa balbu: anasubiri mikono ya mchua misuli.