Ufungaji wa trekta dogo kwenye tela

Ufungaji wa trekta dogo kwenye tela ni kazi ya kulishikiza trekta juu ya tela kwa minyororo au mikanda ili lisisogee, lisipinduke wala lisianguke linaposafirishwa barabarani.

Katika Mkoa wa Morogoro matrekta hutumika hasa kwenye tambarare, kwa mfano mashamba ya mpunga ya Dakawa wilayani Mvomero. Miteremko ya Milima ya Uluguru hulimwa zaidi kwa jembe la mkono. Hata hivyo, barabara ya kutoka mjini Morogoro kwenda Matombo na Kisaki hupita kwenye vilima vya mashariki mwa milima hiyo, na ile ya Iringa ina matuta ndani ya Hifadhi ya Mikumi.

Sababu za kufunga

Breki ya mkono na gia huzuia magurudumu yasizunguke tu. Hazilishikizi trekta kwenye tela. Gari likifunga breki ghafla, trekta huelekea kuendelea mbele. Kanuni za Ulaya hukadiria nguvu hiyo kuwa asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kuelekea nyuma na pembeni. Kwa trekta la kilogramu 1,200, nguvu ya mbele ni sawa na uzito wa kilogramu 960.

Namna ya kufunga

* Tela huunganishwa na gari mahali tambarare na kuwekewa kabari kwenye magurudumu kabla ya kupandisha trekta.
* Trekta huwekwa ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake ielemee kiungo cha gari. Uzito ukizidi nyuma, tela huyumba.
* Injini huzimwa, breki huvutwa, na plau hushushwa.
* Minyororo minne hufungwa, mmoja kila pembe: ya mbele huvuta kuelekea mbele, ya nyuma kuelekea nyuma. Hushikizwa kwenye fremu au ekseli, si kwenye usukani, madigadi wala mabomba ya haidroliki.
* Kila mnyororo uwe na alama ya uzito unaoruhusiwa. Kamba ya katani haifai: haina kipimo hicho, nayo hudhoofika kwa mvua na jua.

Ukaguzi njiani

Minyororo hulegea kwa mtikisiko, kwani matairi ya trekta hubonyea. Sheria za Marekani hudai malori yakaguliwe mzigo ndani ya kilomita 80 za kwanza. Safari fupi huweza kuisha kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo ni salama zaidi kukagua baada ya kilomita chache, na tena kabla ya kuanza kupanda kilima.