Kionga na Mbegu za Vita Vikuu

Kusini mwa mlango wa mto Ruvuma, baina ya maji ya mto huo na Rasi Delgado, upo ukanda mwembamba wa mikoko, minazi na vijiji vya wavuvi uitwao Kionga, ambao wanahistoria wa Ulaya, pindi wanapoukumbuka, aghalabu huupitia kwa mstari mmoja. Hoja yangu ni kwamba mwenye kutaka kufahamu jinsi tawala za kiimla za karne ya ishirini zilivyopata nguvu, na jinsi tamaa yao ya ardhi ilivyouingiza ulimwengu mzima vitani, hana budi kupita hapa kabla hajafika Munich. Kwani mbinu iliyowastaajabisha Wazungu huko mwaka 1938, ya kumtuliza mwenye nguvu kwa ardhi ya mwingine, ilikuwa imetumika katika pwani yetu kwa muda wa nusu karne, na waliokuja kuilaani ni baadhi ya wale wale walioihalalisha.

Mwezi wa Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kumwachia Sayyid Barghash wa Unguja ukanda wa maili kumi kutoka ghuba ya Tungi hadi Kipini, na kabla mwaka haujamalizika Ujerumani na Ureno zikakata shauri kwamba Ruvuma ndio mpaka wao. Mapema mwaka 1887 Wareno wakaipiga Tungi kwa mizinga na kuitwaa, ilhali wale waliokuwa wametia saini haki ya Sayyid hawakuinua hata kidole. Mwaka 1894 ikawa zamu ya Wajerumani: wakadai kwamba milki ya Ureno inakomea katika latitudo ya digrii 10 na dakika 40, wakavuka mlango wa mto na kupandisha bendera yao Kionga. Ureno ikalalamika, kisha ikanyamaza, maana aliyeporwa safari hii alikuwa mnyonge kama yule aliyemtangulia. Walakini la kustaajabisha zaidi ni la mwaka 1898, pale Uingereza na Ujerumani zilipofanya mapatano ya siri ya kugawana makoloni ya Ureno iwapo serikali ya Lisbon itashindwa kulipa madeni yake. Na hao hao ndio walioziita nchi zetu nchi zisizo na sheria.

Lakini kunyakua ardhi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ile desturi ya kuwatawala watu kwa amri, bila ya kadhi wala baraza la kumhoji mwenye amri, na hiyo ndiyo iliyorudi Ulaya. Carl Peters, mtumishi wa ukoloni wa Kijerumani aliyefukuzwa kazi mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga huko Kilimanjaro, alirudishiwa heshima na Hitler mwaka 1937, na mwaka 1941 ikatengenezwa filamu ya kumtukuza. Jenerali von Epp, aliyepigana katika vita vya kuwaangamiza Waherero, ndiye aliyewekwa kuongoza idara ya makoloni ya chama cha Nazi. Hata yale mashati ya kahawia yaliyokuja kuwa alama ya kutisha katika mitaa ya Ujerumani, shehena yake ya kwanza ilikuwa mabaki ya sare zilizokusudiwa majeshi ya Afrika ya Mashariki. Aimé Césaire wa Martinique aliandika mwaka 1950, na Hannah Arendt mwaka 1951, kila mmoja kwa njia yake, kwamba Ulaya ilijifunzia ughaibuni yale iliyokuja kutendewa nyumbani. Wapo wanaoiona hoja hiyo kuwa ya hamaki. Kwa msomaji wa Newala, ambaye wazee wake walisimulia habari za Machemba, yule mkuu wa Wayao aliyekataa kumtii Mjerumani mpaka akalazimika kuvuka Ruvuma mwaka 1899, sioni kwamba inahitaji utetezi mrefu.

Jeuri iliyoachwa bila kujibiwa haikusahauliwa. Ujerumani ilipotangaza vita juu ya Ureno mwezi wa Machi 1916, jambo la mwanzo walilofanya Wareno wa Msumbiji lilikuwa kuirudia Kionga, nao wakaitwaa mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei walijaribu kuvuka mto wakarudishwa kwa hasara. Septemba wakavuka, Oktoba wakaingia Newala, na kabla Novemba haijatoka walikuwa wamekwisha fukuzwa. Mwaka uliofuata Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alivuka kuelekea kusini, akawashinda Wareno huko Ngomano na kujitwalia bunduki na vyakula vyao. Waliobeba mizigo ya majeshi hayo yote, wakafa kwa njaa, kuhara na homa kwa makumi ya maelfu, hawakuwa na dai lolote juu ya latitudo yoyote.

Sasa tutazame miaka ya thelathini. Si kweli kwamba ufukara peke yake huzaa dikteta, ingawa Ujerumani ya 1932 ilikuwa na watu milioni sita wasio na kazi. Ufukara uliwapa Wanazi wasikilizaji. Waliowapa ufunguo wa dola ni mawaziri na matajiri waliomweka Hitler madarakani tarehe 30 Januari 1933 wakidhani watamwongoza, na bunge lililomkabidhi uwezo wa kutunga sheria peke yake mwezi wa Machi. Dola iliyokwisha nyamazisha watu wake ndani haikuona sababu ya kuwasikiliza majirani nje. Mussolini alikuwa ametangulia kuonyesha njia: mwezi wa Oktoba 1935 aliivamia Uhabeshi akitaka kufuta aibu ya Adwa ya mwaka 1896, akatumia hewa ya sumu, na Shirikisho la Mataifa likamwekea vikwazo vilivyoacha mafuta nje na mfereji wa Suez wazi. Haile Selassie alikwenda Geneva mwenyewe, Juni 1936, kuwaeleza kilichokuwa kikitendeka. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Hitler, aliyekuwa amekwisha peleka majeshi Rhineland, alipata jibu la swali alilokuwa nalo.

Na Machi 1938 balozi wa Uingereza mjini Berlin alimpelekea Hitler fikra ya kuipatia Ujerumani fungu katika Afrika ya Kati, kwa tamaa ya kumtuliza. Hitler hakuvutiwa, kwani jicho lake lilikuwa juu ya Ulaya ya Mashariki. Ni ile tabia ya 1886 isiyobadilika: mwenye nguvu anapolalamika, hutafutiwa ardhi ya mtu asiyekuwepo barazani.

Nitaulizwa kuhusu Salazar wa Ureno, naye alikuwa dikteta ng'ambo ya pili ya Ruvuma kwa zaidi ya miaka thelathini, wala hakuanzisha vita vya ulimwengu. Swali ni la haki. Si kila uimla hupanuka; ule wa Lisbon ulikuwa wa kung'ang'ania, wa dola dhaifu yenye milki kubwa kupita uwezo wake, na hofu yake ilikuwa kupoteza. Kinachozaa vita vikuu ni uimla uliokutana na nguvu za viwanda, na dai la kudhulumiwa, na majirani waliozoea kulipa kwa mali ya wengine. Hata hivyo watu wa Kionga hawakupata faraja katika tofauti hiyo. Mwaka 1919 washindi waliokutana Paris waliikabidhi Kionga kwa Ureno, hapana aliyewauliza wenyeji, na kwa hiyo wakaangukia mikononi mwa dola iliyokuja kuwa ya Salazar, iliyowalimisha watu wa kaskazini ya Msumbiji pamba kwa nguvu, na ambayo tarehe 16 Juni 1960 iliwamiminia risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Wamakonde wengi wakavuka mto kuja Mtwara na Newala. Septemba 1964 chama cha ukombozi cha FRELIMO kikaanza vita, na bendera ya Ureno ikashuka Juni 1975; mpaka uliokatwa Desemba 1886 ukabaki ulipo, na Kionga ikabaki kusini yake.