Jinsi wakuu wa mabenki walivyoikabili sheria ya riba

Shinikizo kutoka nje humfikia kiongozi wa kampuni kwa njia nyingi: sheria, ushindani, teknolojia, hata hasira ya umma. Nchini Kenya, mfano ulio wazi ni sheria ya kudhibiti riba iliyotumika kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019.

Dalili zake zilikuwa za miaka mingi. Mnamo 2000, Bunge lilipitisha mswada wa Joe Donde, wakati huo mbunge wa Gem, uliokusudia kuwekea riba kikomo. Sheria hiyo ilikwama mahakamani, mabenki yakashusha pumzi. Julai 2014, Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilianzisha kiwango kimoja cha kukadiria riba ili wateja waweze kulinganisha gharama za mikopo. Hata hivyo, kufikia katikati ya 2016 mkopaji alikuwa akitozwa takriban asilimia 18 kwa wastani, ilhali mwenye akiba ya kawaida alilipwa chini ya asilimia 2. Pengo hilo, zaidi ya riba yenyewe, ndilo lililowaudhi wananchi.

Wakuu wa mabenki walilichukulia jambo hili kuwa kazi ya mawakili na ya mazungumzo na wakubwa serikalini. Walipoahidi kupunguza riba mnamo Agosti 2016, Bunge lilikuwa limekwisha kuupitisha mswada wa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu. Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi tarehe 24 mwezi huo. Riba ya mikopo ilizuiwa kupita kiwango cha CBK kwa zaidi ya pointi nne za asilimia.

Baada ya hapo hawakuzubaa. Fedha zilielekezwa kwenye hati za dhamana za serikali, ambazo hazina hatari ya mkopaji kutoroka. Matawi kadhaa yalifungwa, wafanyakazi wakaachishwa kazi na huduma zikahamishiwa kwenye simu. Mnamo 2019, CBA na NIC ziliungana kuwa NCBA, nayo KCB ikainunua National Bank.

Gharama ya maarifa hayo ilimwangukia mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya shamba ya kuweka rehani. Kufikia mwisho wa 2017, mikopo kwa sekta ya kibinafsi ilikuwa ikikua kwa takriban asilimia 2 pekee kwa mwaka. Ni haki kusema kwamba ukuaji huo ulianza kudorora kabla ya sheria, hasa baada ya misukosuko ya benki za Dubai, Imperial na Chase kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016.

Aliyenyimwa mkopo benki aligeukia simu. M-Shwari, iliyoanzishwa mnamo 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, lakini makato hayo yaliitwa ada, wala si riba.

Sheria ilipofutwa Novemba 2019, malalamiko yalikuwa yamekwisha kuwahamia wakopeshaji wa kidijitali, waliolaumiwa kwa makato makubwa na kwa kuwapigia simu jamaa za wadaiwa ili kuwaaibisha. Wengi wao nao hawakujirekebisha mapema. Desemba 2021, sheria mpya iliipa CBK mamlaka ya kuwapa leseni na kuwasimamia.